Kizazi cha Mama Veronika

Asubuhi moja niliamka katika mji mdogo wa Bendera, nikakunja kikwembe changu cha pili, nikakifunga pamoja na sabuni na sufuria ndogo, nikatoka barabarani. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nikiwapikia wafanyakazi wa mtambo wa umeme, chakula kilikuwepo, mahali pa kulala palikuwepo. Lakini tangu nilipoacha masomo katika mwaka wa pili wa sekondari, sikuwahi kukaa mahali nikaona mahindi yakipandwa na kuvunwa pale pale. Lori la kwanza kusimama lilikuwa limebeba mihogo mikavu. Dereva akaniuliza ninakwenda wapi. Nami nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Akasema Kalemie. "Basi na mimi njo kule ninaenda," nikamjibu, na tayari mguu mmoja ulikuwa juu ya gurudumu. Akacheka sana, akasema angejua angenitajia Uvira, aone kama ningepanda vilevile. Ningepanda.

Nimeanza na asubuhi hiyo kwa sababu juma lililopita Deo, mtoto wa kwanza wa Mama Veronika, alinitumia ujumbe wa sauti kwamba Shangazi Apolina amefariki kule Mpala. Niliusikiliza nikiwa nimesimama katikati ya soko, hapa Likasi ninakokaa siku hizi, nikarudi nyumbani bila kununua nilichokwenda kununua. Nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe. Nimeishi katika miji mingi, na mingine nimeisahau hata majina ya barabara zake. Lakini kuna mwaka mmoja ambao hunirudia mzimamzima, pamoja na vyumba vyake na harufu zake, nao ni mwaka ule wa Kalemie.

Mama Veronika alikuwa na kiwanja karibu na bandari. Mume wake, Papa Ignasi, alichomelea vyuma vya meli, mtu wa maneno machache na kofia asiyoivua. Yeye Mama alipikia wapagazi wa bandarini: bukari ya unga wa muhogo, sombe ya majani yake, na samaki wadogo wa ziwani, mikebuka, wa kukaanga ambao harufu yao iliwafikia watu hata kabla hawajakunja kona. Nilifika pale kula, nikaosha sahani zangu, nikaosha na za wengine, na jioni nikaonyeshwa chumba cha magunia ya makala, makaa yake ya kupikia. Kilikuwa na dirisha moja lisilo na kioo. Kila asubuhi niliamka pua zangu nyeusi, nikiwasikia wanawake wa jirani wakitwanga sombe uani na kuongea mambo ya watu. Nilikipenda chumba kile. Mtu wa barabarani hujua chumba kizuri kwa maneno yanayoingia dirishani, na pale yaliingia ya kutosha.

Dirishani hapo ndipo nilipoisikia habari yenyewe mara ya kwanza. Mama Veronika alikuwa ameshapita umri wa kuzaa. Watoto wake wa kike walikuwa wameolewa mbali, na Deo alikuwa kazini Manono. Siku hiyo nikamsikia akiwaambia wenzake, kwa sauti ya mtu anayeonyesha kikwembe kipya, kwamba mwezi wake umerudi.

"Ignasi ajiangalie!" jirani mmoja akasema. "Utamuletea mutoto wa saba, na miguu yenyewe inamuuma."

"Mwache aogope kidogo," Mama akajibu. "Tangu zamani hajaogopa kitu."

Wakacheka mpaka mchi ukasimama. Mimi sikucheka, si kwa sababu nilijua jambo, bali kwa sababu nilitaka kujua. Damu iliyokwisha inarudije? Inatoka wapi? Ilikuwa tabia yangu, na mpaka leo sijaiponya. Nikamuuliza siku ile, nikamuuliza kesho yake, na nikaona kwamba damu haiji kwa siku zake kama mwezi, inakuja anapobeba ndoo, inakuja baada ya kulala na mume wake. "Weye Feza unaulizaka sana," akaniambia. "Hata polisi hawaulizake hivi." Nikamwambia kuna kituo cha afya wanapima akina mama bila malipo, na kwamba nitapanda kitandani mimi kwanza, yeye aangalie tu. Alikubali ili aone aibu yangu.

Muuguzi alipaka siki huko ndani, siki ile ile tunayomwagia kachumbari, akamulika taa na kungoja. Kwangu akaniambia niko sawa, nivae. Kwa Mama Veronika alikawia. Akamulika tena, akamwita mwenzake, naye akainama kuangalia. Kutoka pale tulitumwa hospitali kwa Dokta Mwamba, akakata kipande kidogo kama punje ya mchele, kikapelekwa Lubumbashi, na majibu yaliporudi jina la ugonjwa lilikuwa kansa ya mlango wa kizazi.

Dokta Mwamba alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Alikunja ngumi mbele yetu. "Hii ngumi njo kizazi. Watoto wanakaa humu. Hapa inapoungana na mukono njo mulango wake, na ugonjwa uko hapa tu. Haujashika nyama za pembeni." Akaeleza kwamba kwa hali hiyo kisu kinaweza kuutoa wote, kizazi na mlango wake na nyama iliyouzunguka, na mwanamke akaishi mpaka azeeke. Ukishafika pembeni, kisu hakina kazi tena. Inabaki mionzi, na mashine za mionzi ziko mbali mno, wengi hawazifikii. "Kwa hiyo tusikawie," akasema. Mama Veronika aliitazama ile ngumi kana kwamba ilikuwa mali yake iliyoshikwa na mtu mwingine. Akasema, "Kata." Papa Ignasi akavuta kofia yake, akasema, "Tungojee dada yangu."

Dada huyo ndiye Shangazi Apolina, mkubwa wa ukoo wao, na ziwa lilikuwa limechafuka, mitumbwi ya Mpala haikuwa inakuja. Tulingoja. Mama aliendelea kupika, na kila alipoinama kupuliza moto nilimwangalia mgongo nikiwaza pembeni, pembeni, kama vile ningeweza kuona mahali ugonjwa ulipofika. Shangazi alishuka siku ziwa lilipotulia, mrefu, mkavu, na kuku wawili kwapani. Alikula kwanza. Kisha akanawa mikono, akasema, "Mwanamuke akitolewa kizazi anabaki nini? Debe tupu."

"Debe linalopika," Mama Veronika akamjibu. "Umekula bukari yake sasa hivi, na sahani umeiosha kwa ulimi."

Papa Ignasi alicheka, mara moja tu, na nafikiri kicheko kile ndicho kilichoamua. Shangazi alikubali, ila akaweka sharti. Kwao, kondo ya kila mtoto huzikwa nyuma ya nyumba ya ukoo, Mpala. Za watoto sita wa Veronika zilikuwa pale, alizizika Shangazi kwa mkono wake. Kilichowabeba hao sita hakitatupwa katika shimo la hospitali pamoja na bandeji za watu. Nacho kitakwenda Mpala. Hakuna aliyebishana naye, na hakuna aliyefikiri kumwambia daktari, maana kila mtu aliliona jambo lenyewe kuwa la nyumbani.

Kwetu mgonjwa haingii hospitali peke yake. Anaingia na gadimaladi wake, mtu wa kumpikia, kumwosha, kumkimbilia dawa na kulala sakafuni kando ya kitanda. Mabinti wakiwa mbali, nikawa mimi. Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya samawati mpaka usawa wa bega, na madirisha yake yalitazama ziwa. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mama Sidonia wa Nyunzu, mcheshi kuliko wote, ambaye naye alikuwa na ugonjwa ule ule. Yeye alikuwa amekuja akiwa amechelewa. Dokta alimpima na hakumkata. Alimpa dawa za maumivu na za kuzuia damu, akampangia arudi kwao. Siku ya kwanza nilidhani amependelewa kwa kuepuka kisu. Alinitazama kwa upole, akasema, "Hapana, mutoto. Anayekatwa njo mwenye bahati humu ndani."

Upasuaji ulianza asubuhi, na jua lilikuwa limeshatuhamisha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine tulipomwona muuguzi akitoka na beseni. Ni desturi ya hospitali zetu: jamaa huonyeshwa kilichotolewa, wasije wakasema hakikutolewa kitu. Nilichungulia. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, chekundu-cheupe, na nyama zimening'inia kandokando. Papa Ignasi aliangalia pembeni. Shangazi akaangalia vizuri, akatikisa kichwa, akasema, "Asante, mwanangu, tumepokea," akafunika beseni kwa kikwembe, akaliinua, akaondoka nalo. Muuguzi hakushangaa, walioondolewa uvimbe wa kawaida walikuwa wakichukua vyao bila neno. Akarudi ndani.

Muda mfupi baadaye Dokta Mwamba akatoka, kofia ya upasuaji bado kichwani. "Amelala vizuri," akasema. "Kisu kimekwenda vizuri. Kipande kiko wapi?" Tulipomwambia, akaivua ile kofia. Kisha akaeleza upesi upesi, akinitazama mimi kwa sababu ndimi niliyezoea kumuuliza. Macho yake hayaoni kila kitu. Kule Lubumbashi watakata vipande vyembamba, wataangalia kando zote na zile tezi ndogo alizotoa. Kando zikiwa safi, kazi imekwisha. Zikiwa na ugonjwa, maana yake umebaki ndani, na itabidi mgonjwa apelekwe kwenye mionzi mapema, kwa vyovyote vile. Bila kipande hatutajua. Tutangoja ugonjwa wenyewe utuambie, na ukishatuambia tutakuwa tumechelewa. "Na nyama inaoza, Feza. Ni joto."

Nilikimbia mpaka ufukweni wanakopakilia mitumbwi ya Mpala. Shangazi alikuwa ameshakaa ndani, juu ya gunia la chumvi, beseni mapajani, na nahodha akijaribu kuwasha injini. Nikaingia majini na viatu.

"Shangazi, dokta anataka kipande."

"Alikuwa nacho tangu asubuhi. Hakushiba?"

"Anataka kujua kama ugonjwa umeisha."

"Si ameutoa? Ao ametoa kintu asichokijua?"

Watu wa mtumbwini walicheka. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, ngumi yangu juu ya maji, mlango hapa, pembeni hapa. Na kwamba akiondoka na beseni lile, Veronika ataamka na hakuna mtu duniani atakayeweza kumwambia kama amepona. Alinisikiliza akimtazama nahodha. Mwishowe akaniuliza jambo ambalo mimi, na maswali yangu yote, sikuwa nimelifikiria: "Watoto walikaa kwenye ngumi ao kwenye mulango?"

Tulirudi kwa pikipiki, watatu juu ya kiti kimoja, Shangazi katikati amekumbatia beseni, akimtukana dereva kila shimo. Katika chumba kidogo kando ya upasuaji aliweka beseni mezani, lakini hakuondoa mikono yake. Akamwambia daktari amwonyeshe. Dokta Mwamba alivaa glavu, akapasua polepole, akamwonyesha: huku juu watoto walilala, huku chini, penye kidonda kama koliflawa ndogo, ndipo ugonjwa ulipo. Shangazi aliinama mpaka nikaogopa pua yake itagusa. "Basi tugawane," akasema. "Ya watoto inaenda Mpala. Ya ugonjwa enda nayo wewe."

Daktari alifikiri. Akasema kwa kawaida hutuma chote. Akafikiri tena, akasema kwamba kinachohitajika hasa ni mlango, na kando zake, na nyama za pembeni, na tezi. Lakini atakata juu kidogo, si pale pale, ili asije akaacha kitu. Shangazi akasema juu kidogo ni kiasi gani. Wakabishana kwa vidole kama watu wanaopimiana kitambaa, mmoja akipanda, mwingine akishuka, na kisu kikapita katikati. Mlango ukaingia katika formoli, dawa ya kuzuia nyama isioze, ndani ya chupa ya plastiki iliyokuwa ya mayonezi. Kizazi kikafunikwa na kikwembe, kikaondoka na mtumbwi wa mchana. Nimewahi kuona mabishano mengi kati ya watu waliosoma na wasiosoma, na karibu yote huisha mmoja amenyamazishwa. Lile liliisha kila mmoja amebeba kitu.

Mama Veronika alipoamka alidai chakula. Akaambiwa hapana, mpaka atoe hewa, kwa sababu matumbo hulala baada ya kukatwa. Wodi nzima ikawa inamngojea. Kila asubuhi daktari aliuliza, "Mama, hewa?" na Mama Sidonia, kutoka kitanda chake, alimjibu kwa niaba: "Bado, Dokta, anajifanya mutu wa heshima." Siku ilipotoka, ilitoka kwa sauti, na wanawake walipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja. Nikampikia uji. Kibofu kilichelewa zaidi. Dokta alikuwa ametuonya kwamba mishipa yake hupita karibu na mahali alipokata, na kwamba sondi, ule mpira wa kutolea mkojo, itakaa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Nilijifunza kumwaga mfuko wake, kuuosha, kuufunga na kuufungua ili kibofu kikumbuke kazi yake. Siku aliyokojoa mwenyewe, akiwa amenishika shingo, alilia. Hakuwa amelia kwa kansa.

Mama Sidonia aliondoka kabla yetu, amekaa juu ya godoro lake mgongoni mwa pikipiki ya matairi matatu, akitupungia mkono na kutuambia tusiwe wavivu.

Chupa ilibaki. Ndege ilikataa kubeba maji yale yenye harufu kali. Dokta akauliza nani anaweza kwenda Lubumbashi kwa treni, na kabla hajamaliza nilishasema mimi. Sitadanganya kwamba ilikuwa huruma peke yake. Treni ile nilikuwa naitamani tangu nilipofika. Lakini nilikuwa sijawahi kusafiri na kitu kinachongojewa. Siku zote nilibeba vitu vyangu, na vikipotea vilipotea vyangu. Sasa nililala na chupa kati ya miguu, imezungushiwa sikochi, ule utepe wa kunata, na vikwembe. Katika kituo cha Niemba tulisimama saa nyingi kwa sababu mtu fulani mbele yetu alikuwa akitengeneza reli, na mwanamke tuliyekaa naye akasema kama ile ni pilipili basi nimkatie kidogo, muhogo wake ni mkavu. Nikamwambia ni dawa. "Ya kunywa?" Nikasema hapana, na nikaihamishia upande wa pili.

Nyunzu nilishuka kununua ndizi. Nikamuuliza muuzaji kama anamjua Mama Sidonia. Alimjua. "Tulimuzika juma lililopita," akasema, akinichagulia ndizi zilizoiva vizuri. "Alikuwa anachekesha mpaka mwisho." Nilirudi ndani ya behewa, sikuzila zile ndizi. Niliweka chupa mapajani, na kutoka pale mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo mpaka Kamina, sikuiweka tena chini. Wanawake wawili, ugonjwa mmoja, vitanda vinagusana. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alikuja mapema, na alikuja mapema kwa sababu mtu asiye na kazi alilala nyuma ya dirisha lisilo na kioo. Hilo nimeliwaza miaka yote hii na bado sijapata pa kuliweka.

Lubumbashi sikuwa nimewahi kufika. Maabara ilikuwa nyuma ya hospitali kubwa, na daktari wake, mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alipokea chupa, akaigeuza, akauliza, "Sehemu ya juu iko wapi?" Nikamwambia iko Mpala. Akaniangalia. Nikamsimulia yote, nimesimama, na mwishoni akasema kando alizohitaji zipo, nirudi baada ya majuma kadhaa. Ningeweza kwenda kokote. Mjini kulikuwa na barabara ambazo sikuwahi kuziona mwisho wake. Badala yake nililala katika ua wa hospitali pamoja na magadimaladi wa watu wengine, nikiwachotea maji nao wakinipa chakula, na kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wa maabara ili yule mama anione.

Siku aliponiita, alinisomea mwenyewe, kisha akanipa karatasi niisome. Kando zote safi. Tezi zote safi. Nikampigia Dokta Mwamba, nikaisoma tena kwa Kifaransa changu cha mwaka wa pili wa sekondari, akanirudisha nyuma mara mbili kwenye tezi. Kisha nikamsikia akivuta kiti. "Hakuna mionzi," akasema. "Atakuwa anakuja nimuangalie kila baada ya miezi michache. Basi." Mama Veronika naye nilimpigia simu nyumbani kwake, nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Nyuma yake nikasikia sauti ya Shangazi, ambaye alikuwa amerudi kutoka Mpala kumpikia: "Muulize na ule mulango, wamemaliza nao?" Nikasema wameuhifadhi katika nta, watakaa nao miaka. "Basi ubaki huko," akasema Shangazi. "Na usijue njia ya kurudi."

Haukurudi. Deo ameniambia katika ujumbe wake kwamba aliyemwosha Shangazi kwa maziko ni Mama Veronika mwenyewe, mzee sasa, amekataa kusaidiwa.

Siku ile ya majibu nilitoka hospitalini mara ya kwanza bila kuangalia nyuma, nikatembea mpaka mtaa wa Katuba, nikauliza chumba. Mwenye nyumba, mjane mnene aliyekuwa akichoma mahindi barazani, aliniuliza nitakaa muda gani, nikasema sijui, nataka kulala tu. Alinionyesha chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha lenye kioo kizima. Nililala na nguo zangu. Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda kabisa niliposikia akigonga kwa nguvu, akiita, "We mwanamuke! Uko muzima?"

"Tuko wazima, Mama," nikamjibu kutoka kitandani, bado nikimhesabu Mama Veronika pamoja nami.

Akasukuma mlango, akachungulia pembe zote za chumba, na hata chini ya kitanda, akimtafuta mtu wa pili niliyemwingiza bila kulipa.